NOTI ZA KALE NA AMANA YA SISIBO

WAZEE wa Eldoret bado huuita mji wao Sisibo. Walowezi wa Kizungu walipokatiwa ardhi ya uwanda wa Uasin Gishu, kila shamba lilipewa nambari yake, na mji huu ukaota juu ya shamba nambari 64. Posta ilifunguliwa hapo mwaka 1910. Wenyeji waliposikia nambari ile ikitajwa kwa Kiingereza waliitia katika ndimi zao, ikalainika, ikawa Sisibo. Jina rasmi la Eldoret lilikuja mwaka 1912, na mwaka huo huo ikaja benki, Standard Bank of South Africa. Husimuliwa kwamba kasha la chuma la benki hiyo lililetwa kwa gari la kukokotwa na maksai. Liliposhushwa likaanguka, na kwa uzito wake halikunyanyulika tena. Basi wakaona heri kulijengea kuta pale pale lilipolala, na benki ikasimama kulizunguka kasha.

Kisa hicho nilikikumbuka mwezi uliopita nilipokuwa nimekaa juu ya mkeka katika nyumba moja ya mji huo huo, mbele yangu pakiwa na kasha jingine. Hili halikuwa la chuma kizito. Lilikuwa mkebe wa biskuti uliokula kutu pembeni, na nyumba nzima ilikuwa imelizunguka kama ile benki ya mwaka 1912.

Safari yangu ilianzia kwenye simu. Kijana mmoja ambaye babu yake nilimjua zamani alinipigia Mombasa, akaniambia: "Ami, babu amefariki tangu mfungo wa mwaka jana. Bibi amefungua mkebe wake akakuta noti za kale, na baina yake mna karatasi yenye maandishi ya Kiarabu. Sisi tumesoma Kurani, lakini haya hatuyafahamu. Bibi asema uje wewe."

Nikamwambia haya hayawezi kuwa Kiarabu. Kama wamesoma Kurani na hawaambulii neno, basi bila shaka ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika baba zetu hati zao za nyumba, barua zao za ndoa na tenzi zao kabla shule hazijaleta herufi hizi za Kizungu. Nikafunga kijifurushi changu, nikapanda basi la usiku.

Eldoret sasa ni jiji. Mwaka 2024, mwezi wa Agosti, ilipewa hati ya kuwa jiji la tano la Kenya. Lakini baridi yake haijapata hati mpya. Ni ile ile. Mji uko juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani hutujua mara tu tuteremkapo kwenye basi, kwa jinsi tunavyokunja mikono kwapani. Nilifika kabla ya adhuhuri, nikasali msikitini, kijana akanichukua hadi nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na Mombasa yote au umekuja peke yako?"

Nikamwambia nimekuja na halua tu. Akacheka, na kicheko kile kilinikumbusha marehemu mumewe, Mola amrehemu, ambaye duka lake la kanzu na kofia lilikuwa kituo cha kila mtu wa pwani aliyepita Sisibo. Duka hilo alilirithi kwa baba yake, mzee wa Kiamu aliyepanda huku bara reli ilipofika Eldoret mwaka 1924.

TAMAA YA KIJANA

Kabla sijagusa mkebe nilielezwa yaliyotangulia. Marehemu ameacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mali yake ni nyumba, duka na huo mkebe. Nyumba na duka zimeshatiwa bei. Mkebe ndio uliozusha maneno. Alikuja mnunuzi mmoja wa vitu vya kale, akazipekua noti, akatoa shilingi 12,000 kwa zote, akasema hawatapata zaidi popote. Mjukuu naye alikuwa amekwisha tafuta kwenye simu yake, akaona noti za kale za Kimarekani zikiuzwa maelfu ya dola. Basi akawatia watu maji ya moto: kama noti za Wamarekani ni ghali hivyo, hizi za mfalme wa Uingereza hazikosi kununua ghorofa!

"Ami," akaniambia, "noti moja tu ya dola tano, thamani yake gari zima!"

Ilinibidi nimweleze habari za noti hizo, maana mimi, pamoja na ushairi wangu, nina maradhi haya ya noti na sarafu tangu ujana. Yalinipata siku nilipopewa na baba yangu rupia moja ya mwaka 1888, ile iliyotolewa na kampuni ya Waingereza ikiwa na jina la Mombasa na picha ya mizani. Tangu siku hiyo siwezi kupita mbele ya kijisanduku cha fedha kuukuu nisisimame.

Marekani, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ilipitisha sheria mwaka 1863 iliyoziruhusu benki za miji mbalimbali kutoa noti. Benki iliweka dhamana ya hati za deni la serikali, kisha ikaletewa noti zilizochapishwa kwa namna moja nchi nzima, ila kila noti ilibeba jina la benki, jina la mji wake na nambari ya hati yake, na wakubwa wa benki ile wakatia saini. Mtindo huo uliendelea hadi mwaka 1935, na benki zaidi ya 12,000 zilitoa noti zao. Nyingine zilikuwa katika miji mikubwa kama New York na Chicago. Nyingine zilikuwa katika vijiji vyenye barabara moja na kanisa moja.

Hapo ndipo thamani inapozaliwa. Noti mbili za dola tano za mwaka mmoja, zenye picha moja, zaweza kupishana bei kama mbingu na ardhi. Ile ya benki kubwa ya Chicago zipo nyingi, na bei yake ni ya wastani. Ile ya kijiji, ambayo zimebaki mbili au tatu duniani, watu waliozaliwa kijiji hicho huigombania mnadani. Wanalonunua ni jina la kwao. Tena Marekani haijazifuta noti hizo hata leo. Mwenye dola tano ya mwaka 1900 akitaka anaweza kwenda kununulia mkate, ingawa itakuwa mkate wa ajabu.

"Kwa hiyo," nikamwambia kijana, "ukongwe peke yake hauleti bei. Jiwe la barabarani ni kongwe kuliko noti zote. Jambo la kuuliza ni zimebaki ngapi, ziko katika hali gani, na nani anazitaka."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi fungua, ami, tuone."

NDANI YA MKEBE

Nilinawa mikono, nikaikausha vizuri, nikatandika kitambaa cheupe. Noti nilizozitoa nikazipanga kwa ukoo wake, na ukoo wenyewe ni historia yetu.

Kwanza zilitoka noti za Banki Kuu ya Kenya, zile za kuanzia mwaka 1966 zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na baada yake za Rais Moi. Katika hizo zilizochakaa sana nikawaambia wasitarajie makubwa. Wakati ule zilichapishwa kwa wingi, na kila mzee aliyekuwa na godoro alificha moja. Safi zisizopata kukunjwa ndizo hutafutwa.

Kisha zikaja za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919 na ambayo noti zake zilitembea Kenya, Uganda na Tanganyika, na Unguja kuanzia mwaka 1936. Hapo palikuwa na shilingi tano, kumi na ishirini za Mfalme George wa Sita, na chache za Malkia Elizabeth. Thamani ya noti hizo ilitajwa pia kwa Kiarabu na kwa Kigujarati, maana serikali ya Kiingereza ilijua ni nani waliokaa nyuma ya meza za maduka. Yule mama alipoona herufi za Kiarabu juu ya noti ya mfalme alitabasamu, akasema, "Hii nilikuwa naisoma nikiwa msichana. Kiingereza nilikuwa sikijui, lakini wala sikupunjwa hata siku moja."

Noti hizi, zikiwa zimetumika kama hizo zilivyotumika, huuzwa kwa makumi ya dola kila moja, na pengine chini ya hapo. Zilikuwa kumi na moja. Kwa hesabu ya haraka, hata bila ya kitu kingine, bei ya yule mnunuzi ilikuwa ya dhuluma, lakini ghorofa nayo haikuwamo.

Kijana akauliza kama hamna za Unguja. Alikuwa amesikia kwamba hizo ndizo mfalme wa noti zote za pwani, na hakukosea. Serikali ya Unguja ilianza kutoa noti zake za rupia mwaka 1908, zenye picha ya jahazi. Shilingi ilipoingia mwaka 1936 noti za rupia zilirudishwa na kuharibiwa, na zilizosalimika ni za kuhesabika. Moja katika hizo ikiingia mnadani London huondoka kwa maelfu ya pauni. Nikapekua hadi chini. Hamkuwamo.

Chini kabisa, pamelazwa kijifurushi cha karatasi nene, rangi ya chai, kimekunjwa mara nne. Yule mnunuzi alikuwa amekifungua, akaangalia noti zilizomo, akaiweka karatasi kando kama mtu awekavyo ganda la ndizi. Mama ndiye aliyeirudisha mahali pake. Ndani mlikuwa na noti tatu: moja ya shilingi ishirini na mbili za shilingi tano. Sura ya mfalme ilikuwa ni George wa Tano. Nikazigeuza kwenye nuru, moyo ukanienda mbio. Zilikuwa ni za mwaka 1921, na chini yake mji uliotajwa ulikuwa Mombasa.

Wasomaji wa pwani watapenda kulijua hili. Noti za mwanzo za shilingi za Afrika Mashariki ziliandikwa jina la Mombasa. Kuanzia toleo la mwaka 1933, Mombasa ikaondolewa, ikaandikwa Nairobi. Mji wetu ulitolewa juu ya noti bila ya kelele wala matanga. Zile za Mombasa ni chache kuliko za baadaye, na wakusanyaji huzitafuta. Hizo tatu zilikunjwa mara moja tu, pembe zake zilikuwa kali, karatasi bado ngumu. Kila moja kwa hali ile ni mamia ya dola, na ile ya ishirini yaweza kuwa ndiyo kubwa kuliko mkebe mzima.

Kijana akasimama. Ami yake mkubwa, aliyekuwa kimya muda wote, akasogea. Nami, kwa ujinga wa furaha, nikawatajia bei kabla sijaisoma karatasi.

MAANDISHI

Karatasi iliandikwa kwa wino mweusi uliogeuka hudhurungi, kwa mkono mzuri wa mtu aliyefunzwa chuoni. Kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu si jambo la pupa. Herufi moja hubeba sauti mbili tatu. "P" na "b" zaweza kuvaa kanzu moja, na msomaji lazima alijue neno kabla ya kulisoma. Nilisoma kimoyomoyo mara tatu. Kisha nikasoma kwa sauti, na hapa nalificha jina kwa heshima ya wenyewe:

"Hizi ni amana ya fundi fulani, shilingi thalathini. Amesafiri kwao Amu. Akiregea apawe. Asiporegea wapawe wanawe. Shahidi ni Mngu. Rajabu 1350."

Hakuna aliyesema kitu. Nje palipita boda boda, sauti yake ikafifia.

Mama ndiye aliyeanza. "Huyo fundi nilikuwa nikisikia jina lake kwa mkwe wangu. Alikuwa akishona kanzu barazani kwa duka. Alikwenda kwao kwa msiba, hakurudi."

Mtoto wake mkubwa akasema, kwa adabu lakini kwa uso uliokunjamana: "Mama, karatasi ni karatasi. Miaka karibu mia imepita. Tutajuaje kwamba noti hizi ndizo zile? Huenda babu alizitumia zile, akatia nyingine. Na huenda karatasi ilikuwa ya kitu kingine kabisa."

Swali lake lilikuwa la haki, na watoto wa marehemu wana haki ya kuuliza. Nikamwomba aniruhusu tuifanye hesabu pamoja, naye akakaa karibu yangu.

Rajabu ya mwaka 1350 wa Hijra iliangukia mwishoni mwa mwaka 1931. Wakati huo noti za shilingi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa ni hizi za mwaka 1921, zenye jina la Mombasa; za Nairobi zilikuwa hazijazaliwa bado. Kama babu yake angezitumia zile za amana na kutia nyingine baadaye, aghalabu tungekuta humo ya Nairobi, au ya mfalme mwingine. Hakuna hata moja. Tena hesabu: ishirini na tano na tano ni thalathini, kama ilivyoandikwa. Na mikunjo: mkunjo wa noti ulilingana na mkunjo wa karatasi, na juu ya karatasi, kwa ndani, palikuwa pamebaki kivuli hafifu cha mraba wa noti, palipokuwa peupe kuliko kwengine. Vitu hivyo vililala pamoja tangu siku ile.

Yule bwana alipitisha kidole chake juu ya kile kivuli. "Basi," akasema, "ni zake."

Shilingi thalathini za mwaka 1931 hazikuwa mchezo. Kibarua wa mashamba ya walowezi alipata shilingi chache tu kwa mwezi. Mwenye duka yule alipita katika miaka ya ukata, akapita katika vita vya pili vya dunia, akaona noti za Bodi zikibadilishwa kwa za Kenya huru, na hakuzigusa. Alipokufa alimwachia mwanawe, naye hakuzigusa. Mwaka 1966 zilipoanza kutoka noti za Kenya na za Bodi zikawa zinarudishwa, nadhani marehemu alikuwa na njia mbili. Angezibadilisha apate shilingi thalathini mpya, au angeziacha zife kama fedha. Aliziacha. Labda aliona kubadilisha ni kugusa. Wala hakujua kwamba kwa kuziacha zife, zingekuja kuwa na thamani kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Tulikwenda jioni kwa mwalimu mmoja wa madrasa. Akasikiliza, akaitazama karatasi, akasema suala lenyewe si refu. Mirathi hugawanywa baada ya madeni na wasia, kama ilivyo katika Suratin Nisaa, na katika sura hiyo hiyo, aya ya 58, mna amri ya kurudisha amana kwa wenyewe. Amana iliyosalia kwa dhati yake hurudishwa hiyo hiyo, pamoja na kupanda kwake na kushuka kwake. Haingii kabisa katika mali ya marehemu. Kwa hiyo mjane atatoa thumuni yake katika noti zile nyingine, na watoto watagawana kilichobaki, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja.

Nikamuuliza pia lile ambalo wasomaji wengi wameniuliza: je, kuuza noti ya shilingi tano kwa maelfu si riba? Akasema kwa maoni yake noti iliyokwisha kufutwa si fedha tena. Ni bidhaa kama saa mbovu au sahani ya kale, na bei yake ni ya mapatano. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni wake.

FEDHA KATIKA NDIMI ZETU

Usiku huo baridi ilinizuia usingizi, nikawa nafikiri. Sisi pwani tumeishi na fedha za kila taifa, na kila moja ilipoondoka ilituachia neno. Neno fedha lenyewe ni Kiarabu, ni ile madini nyeupe. Pesa ilitoka India pamoja na rupia. Hela ni heller ya Wadachi, wale ambao mwaka 1916, vita vikiwabana, waligonga sarafu za dhahabu zenye picha ya ndovu katika karakana ya reli ya Tabora. Sumni, ambayo wazee wetu waliita senti hamsini, ni hiyo hiyo thumuni ya mirathi ya mjane. Hata shuka ngumu tuliyoiita marekani ilikuja kwa majahazi ya Wamarekani waliofanya mkataba na Seyyid Said mwaka 1833.

Na kabla ya wote hao, masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao za shaba, na maandishi ya upande mmoja wa sarafu yalitiwa vina na maandishi ya upande wa pili. Mimi mshairi nilipolijua hilo mara ya kwanza nililia. Watu walionunua samaki na mtama kwa beti! Sarafu chache za Kilwa zilikuja kuokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Lakini hatuzitunzi. Tunaziuza kwa mpita njia, au tunazitupa. Mwaka 2019 Kenya ilitoa noti mpya zisizo na sura ya mtu, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imekataza, na noti ya zamani ya shilingi 1,000 ikafutwa mwisho wa Septemba. Noti zaidi ya milioni saba hazikurudi benki. Nyingi bila shaka zilikuwa za watu waliokuwa na sababu ya kuogopa kuulizwa. Lakini nyingine zimelala katika mito ya vizee na ndani ya misahafu, na wajukuu wataziona siku moja, nao watauliza kama yule kijana alivyouliza.

Kwa hivyo aliye na mkebe kama ule na asikilize maneno haya machache. Noti ya kale haifuliwi, haipigwi pasi, wala haiungwi kwa gundi. Mwenye kuisafisha ameipunguza thamani nusu au zaidi. Ishike pembeni kwa mikono mikavu. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki ngumu unaofaa kuhifadhia picha na nyaraka, mbali na unyevu na jua, maana hewa yetu ya chumvi ni adui. Andika nambari zake na mwaka wake. Usikubali bei ya mtu wa kwanza, wala usimwachie noti "akaitazame nyumbani". Na kilichofungwa pamoja nayo, barua, bahasha au hata uzi, usikitenge. Mnunuzi aliyeiweka kando ile karatasi ya Sisibo alikuwa amekiweka kando kitu cha thamani kuliko vyote mkebeni.

KUREJEA

Mama alinikabidhi kijifurushi mbele ya wanawe wote watano, wawili wakiwa kwenye simu. Tuliandika karatasi ya makabidhiano, safari hii mashahidi wanne wakatia saini. Mjukuu ndiye aliyenisindikiza kituoni. Njiani akaniuliza: "Ami, lau usingekuja, tungeuza. Ingekuwa dhambi ya nani?"

Nikamwambia sijui, na kwamba nashukuru sikulazimika kujua.

Nilikwenda Amu. Siku mbili niliuliza katika mitaa ya Mkomani na Langoni, nikaketi katika baraza baada ya baraza, mpaka mzee mmoja akalikumbuka jina. Akanielekeza nirudi nilikotoka, Mombasa, kwa mjukuu wa kike wa yule fundi, mama wa miaka sabini na zaidi ambaye nyumba yake haiko mbali na yangu. Nimepita mlangoni kwake miaka mingi nikienda sokoni.

Nilipomweleza aliniacha nimalize. Kisha akasema babu yao alifika Amu akiwa mgonjwa, na alifariki kabla ya mwaka kwisha. Watoto wake walikuwa wakimsikia akisema ana kitu kwa mwenye duka wa Sisibo, na walipokua wakaliona ni neno la mgonjwa. Likageuka kuwa dhihaka ya nyumbani: mtoto akitaka kitu kisichopatikana huambiwa, "Kangoje cha Sisibo."

Hakuuliza bei. Aliomba aione karatasi. Hajui kusoma herufi zile, basi nikamsomea, neno kwa neno, na nilipofika penye "wapawe wanawe" akanishika mkono, akaniambia nirudie.

Warithi wa fundi ni wengi, na watakaa kitako waamue kama noti zitauzwa au zitahifadhiwa. Hilo ni lao. Lakini karatasi, wamekwisha kubaliana wote, haiuzwi. Yule mama ameniomba nimwandikie barua ya shukrani kwa mwenziwe wa Eldoret, tena ametaka iandikwe kwa herufi zile zile za Kiarabu. Nimemwambia huko itabidi nipande tena kwenda kuisoma. Akasema, "Basi si vibaya. Wachukulie na halua."